Namib: mchanga bado unatoka kwenye viatu

Jamani Namibia nimeenda na sijutii. Tulilala Sesriem kwenye kambi ya ndani ya hifadhi ya jangwa la Namib, na huo ndo ushauri wangu mkubwa, maana ukilala ndani unaruhusiwa kutoka kama saa moja kabla ya wale wanaosubiri geti la nje lifunguliwe jua likichomoza, kwa hiyo unawahi kupanda Dune 45, kilima kikubwa cha mchanga, kabla mchanga haujaanza kuunguza. Ila Deadvlei, bonde kavu katikati ya vilima vya mchanga, ndo iliniacha mdomo wazi, miti imekufa kama miaka 600 hadi 700 iliyopita na bado imesimama, haiozi kwa vile pakavu mno, nyeusi tii juu ya udongo mweupe!

Dereva wa kampuni tuliyokodi alichelewa nusu saa na maji hakubeba (jangwani, hebu fikiria), hapo nimekata nyota moja.

Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa 1956, ni mbali kwelikweli lakini nyumba zimejaa mchanga mpaka vyumbani, nenda tu. Msosi: ukifika Swakopmund kula chaza wa Walvis Bay, freshi kabisa. Pai ya tofaa ya Solitaire, kile kituo kidogo cha njiani? Tamu, ila sifa zimezidi.

Nyota 4.