Kokteli juu ya jahazi la machweo, Forodhani, Zanzibar: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Morogoro. Baa zetu mtu anataja bia yake au "Konyagi ndogo na ndimu", mambo yamekwisha. Kwa hiyo nilipolipia jahazi la machweo kwa watu wawili, kila mmoja na vinywaji viwili ndani ya bei, bahari haikunitisha. Kilichonitisha ni ile karatasi ya kokteli.

Tulipanda saa kumi na moja jioni, maji yakiwa magotini na viatu mkononi. Vijana wakapandisha tanga, jumba la Beit el Ajaib likaanza kubaki nyuma. Mhudumu wa vinywaji, kijana wa Moshi, alikuwa ameifunga meza yake kwenye mlingoti kwa kamba. Nikaagiza Daiquiri kwa sababu tu jina nililiwahi kulisikia. Ikaja glasi ndefu nyekundu, barafu ya kusaga na sharubati ya stroberi ya chupa. Tamu kama ubuyu wa rangi!

"Kaka, hii ndiyo yenyewe?"

Akacheka. "Wageni wengi wanaipenda hivyo, dada. Ya asili ni ramu, ndimu na sukari, basi. Nikutengenezee?"

Hapo ndipo hela yangu ilipolipa. Alikamua ndimu mbichi, akatia sukari, akakoroga mpaka ikayeyuka kabla barafu haijaingia, maana ikishapoa sukari inabaki chini kama mchanga. Kisha ramu, kisha barafu, akatikisa mpaka chombo cha bati kikashika ukungu kwa nje, akachuja kwenye glasi fupi. Ilikuwa kama maji ya ndimu ya nyumbani yaliyopandwa na hasira. Akaniambia Daiquiri ni jina la mahali huko Kuba, na kwamba ukiijua hiyo umeshajua nyingine kadhaa: weka tekila badala ya ramu, pombe ya machungwa badala ya sukari, paka chumvi kwenye mdomo wa glasi, hiyo ni Margarita. Weka vodka, asali na kijiti cha kukorogea, hiyo ni Dawa, wanayoipenda sana Nairobi.

Tangu hapo sikuangalia majina tena. Nilikuwa nauliza: hii ni chachu, chungu au kali? Mume wangu hakuuliza, akaagiza Negroni kwa sababu ya rangi yake nzuri. Jini, Campari (pombe nyekundu iliyo chungu) na vermouth nyekundu (divai yenye viungo), sawa kwa sawa. Alikunja uso kama mtoto aliyenyweshwa mwarobaini, nikaimalizia mimi. Martini, ile ya jini na vermouth, mhudumu mwenyewe alinikatalia: glasi yake ina mguu mrefu na mdomo mpana, jahazi likianza kubisha inamwagika yote mapajani. Kwenye chombo agiza kinachokaa kwenye glasi fupi nzito, kama Old Fashioned, ile ya wiski.

Kasoro zipo. Ile ya stroberi ilihesabiwa, kwa hiyo kinywaji cha tatu nililipia, na bei yake haikuandikwa popote. Nilitajiwa kwa dola, na nilipotoa shilingi wakabadilisha kwa kiwango chao wenyewe. Ulizeni kabla ya kupanda. Barafu nayo iliisha jua likiwa bado juu ya maji, jambo ambalo kwa safari inayouza machweo na vinywaji silielewi.

Kwa asiyekunywa: juisi ya ukwaju wanaitikisa kwa barafu vilevile, na nahodha, aliyekuwa na chupa yake ya maji na kashata, alinihakikishia ndiyo bora kuliko vyote. Mkija Ramadhani ulizeni kwanza kama pombe inauzwa, na msishuke na glasi mkononi kupita Forodhani, pale watu wamekaa na familia zao.

Nyota nne. Tuliporudi maji yalikuwa yamejaa hadi kiunoni. Viatu vilifika vikavu, gauni halikubahatika.