Seti ya “mama mtu mzima” niliyouziwa Kariakoo: uzoefu wangu

“Kwa umri huo, bibi, unajitengeneza kwa ajili ya nani?”

Swali hilo niliulizwa na binti anayeuza katika duka moja la vipodozi huko Kariakoo, mbele ya wateja wengine wasiopungua watano, nikiwa nimesimama kwenye kaunta na mtandio nimeuvuta hadi usoni kwa sababu mashavu yangu yalikuwa yanawaka kama yaliyopakwa pilipili. Imepita miezi kadhaa tangu siku hiyo, nadhani ilikuwa mwishoni mwa masika, na bado kila ninapoyakumbuka maneno yale moyo wangu unachafuka. Jina la duka silitaji. Nataka tu mwanamke mwenzangu aliyevuka miaka 50 ajue nilichouziwa na namna nilivyojibiwa nilipokirudisha.

Nina miaka 58. Hedhi ilinikoma nikiwa na 52, na katika mwaka uliofuata ngozi ya uso wangu ikabadilika nisiitambue: ilikauka, ikawa inawasha kila nikitoka bafuni, ikajikunja pembeni mwa mdomo, na mashavuni yakatokea mabaka ya kahawia yaliyokolea zaidi kila msimu wa jua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi nayo hupoteza mafuta yake pamoja na kolajeni, ile protini inayoishikilia isilegee, na kwamba katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni hiyo. Nilikulia Tanga, kwa mama aliyetupaka mafuta ya nazi na kutusinga kwa liwa, na miaka yangu yote 31 ya ualimu niliosha uso kwa sabuni ileile niliyoogea mwili. Nilipoona haitoshi tena, nikaamua kutafuta utaratibu mdogo wa asubuhi na wa usiku, ambao mtu wa umri wangu anaweza kuufuata bila kuhangaika.

Siku ya kwanza binti yule alinipokea vizuri mno. Aliniamkia, akanivutia kiti, akawa ananiita “mama yangu” kila alipofungua kinywa, nami nikamweleza kwa utulivu kwamba nahitaji sabuni laini ya uso, losheni ya kulainisha na krimu ya kukinga jua. Krimu ya jua alikataa hata kunionyesha. Alisema hayo ni mafuta ya watu wenye ualbino, na neno hilo alilitamka kana kwamba ni tusi. Akasema mwenye ngozi nyeusi kama yangu hana haja nayo, na kwamba tatizo langu ni “uso kuchoka”, ambao dawa yake ni seti kamili ya mama mtu mzima, vitu saba ndani ya mkoba wa zipu kwa shilingi 165,000. Nililipa. Ndani yake mlikuwa na sabuni ya maji, losheni, maji ya kufutia uso, skrabu, maski, serumu, na kopo jeupe la plastiki lisilo na jina la kiwanda, lisilo na orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi, lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito neno moja tu: USIKU.

Nakiri kwamba wiki tatu za mwanzo nilifurahi. Uso uling'aa, mabaka yakafifia, wifi yangu akaniuliza natumia nini, na nilikaribia kabisa kumpeleka palepale dukani. Namshukuru Mungu sikumpeleka. Baada ya muda ngozi ikawa nyembamba hata mishipa midogo ikaonekana mashavuni, vipele vikanizunguka mdomo, na jua la saa nne asubuhi, ambalo nimetembea nalo maisha yangu yote, likawa linanichoma kama niko mbele ya tanuri. Nikiacha kupaka lile kopo usiku mmoja, asubuhi yake uso ulivimba na kuwaka, nikipaka, ulitulia. Kwa hiyo niliendelea kupaka kwa sababu ya kuogopa kuacha, na hofu hiyo ndiyo iliyonizindua.

Nikarudi dukani. Sikwenda kudai fedha, na nalisema hili kwa sababu hata ndugu zangu wamedhani nilikwenda kugombana. Nilikwenda kuuliza swali moja: ndani ya kopo hili mna nini? Mtu aliyekuuzia kitu cha kupaka usoni ana wajibu wa kukujibu swali hilo, na kama hajui, ana wajibu wa kusema hajui. Safari hii hapakuwa na shikamoo wala kiti, na yule “mama yangu” wa siku ya kwanza alikuwa amekwisha kuwa “bibi”. Aliniambia kwanza kwamba nilipaka nyingi, halafu kwamba nilichanganya na mafuta mengine, halafu kwamba ngozi yangu ilikuwa imekwisha kabla sijafika kwake. Nilipolirudia swali langu mara ya tatu, akawageukia wateja, akacheka, akasema maneno niliyoanza nayo. Mmoja wa wateja hao, mwanamke wa rika langu au pengine mkubwa kwangu, aliinamisha kichwa na kujifanya anasoma maandishi ya chupa, kisha akairudisha chupa ile rafuni na kutoka bila kununua kitu. Nadhani hilo liliniuma kuliko kicheko chenyewe, kwa kuwa alikuja kutafuta nilichokuja kutafuta mimi, na neno lililorushwa kwangu lilimpiga na yeye.

Sikumjibu binti yule, na hadi leo najilaumu kwa kunyamaza. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa jepesi: ngozi iliyokauka ikapasuka inauma, na maumivu yake hayangoji kuona kama kuna mtu wa kuitazama.

Daktari wa ngozi niliyemwona siku chache baadaye alilifungua kopo, akaniuliza maswali mengi, na akasema dalili zangu zote ni za steroidi kali iliyotiwa kwenye mkorogo, dawa ambayo hospitalini hutolewa kwa cheti kwa ajili ya pumu ya ngozi na maradhi mengine, kwa muda mfupi, na usoni kwa tahadhari kubwa. Neno mkorogo lilinishtua. Mimi sikutaka kujichubua, wala weupe sikuuomba. Nilikuwa nikiwaona wanawake wenye sugu nyeusi kwenye vifundo vya vidole na kudhani mambo hayo ni yao, hayanihusu. Daktari akaniambia kwamba wagonjwa wake wengi wa umri wangu hawakuomba weupe, waliomba kuondolewa mabaka, wakapewa kopo. Alinitajia pia vitu viwili vingine vinavyokutwa katika makopo ya namna hiyo, vyote vikiwa haviruhusiwi katika vipodozi nchini mwetu: zebaki, ambayo hudhuru figo na ambayo Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umeipiga marufuku katika vipodozi, na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, ambayo ikipakwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuiachia ngozi nyeusi weusi wa kibuluu ulio mgumu sana kuutoa. Hakuniachisha kopo kwa siku moja. Aliniandikia dawa nyingine ya kushuka nayo kidogo kidogo, na ilichukua zaidi ya miezi miwili uso wangu kuacha kuwaka.

Katika kipindi hicho chote aliniruhusu vitu vitatu tu, ukiacha mafuta kidogo ya mgando ya usiku, na vitu vyenyewe ndivyo vilevile nilivyovitaja dukani siku ya kwanza kabla sijauziwa saba. Asubuhi nauosha uso kwa maji peke yake, usiku kwa sabuni laini ya maji, kwa maana sabuni ya kawaida ya kipande ina pH (kipimo cha uchachu na ukali wa kitu) ya 9 hadi 10 wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5, na ngozi ya mwanamke aliyekoma hedhi haina tena mafuta ya kutosha kuvumilia tofauti hiyo. Losheni yenye glisirini naipaka uso ukiwa bado na unyevunyevu, si baada ya kukauka kabisa kama nilivyokuwa nikifanya, na usiku naongeza mafuta ya mgando kidogo sana juu yake ili maji yasitoroke. Kopo dogo la mafuta hayo halifiki shilingi 5,000 mtaani kwangu.

Kuhusu krimu ya kukinga jua nitasema zaidi, kwa sababu ndiyo niliyonyimwa. Ni kweli kwamba wanaoihitaji kuliko wote ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi inawaua wakiwa bado vijana, na kazi ya kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, ya kuwatengenezea krimu ya Kilisun, ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini mabaka yangu ya mashavuni yanakolezwa na jua hilohilo, na kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyakoleza, ndiyo maana daktari alinitafutia krimu yenye rangi, iliyotiwa oksaidi ya chuma, ambayo pia haiachi uso mweupe kama uliopakwa majivu. Ni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), inayozuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, iwapo itapakwa ya kutosha, na ya kutosha maana yake ni mistari miwili iliyojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Nikiwa nje nairudia kila baada ya saa mbili. Retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka, ambayo nilikuwa na hamu nayo kwa ajili ya mistari ya mdomo, daktari ameniambia niisubiri hadi ngozi ipone kabisa, na nitakapoanza iwe kiasi cha punje ya njegere, usiku mbili tu kwa wiki.

Sasa nifike kwenye hukumu yangu, na hapa napata taabu, kwa kuwa nilipoketi kuandika nilikusudia kusema kwamba duka lile lisinunuliwe kitu chochote. Haki inanilazimisha kusema kwamba sabuni ya maji na losheni zilizokuwa ndani ya mkoba ule zilikuwa nzuri. Zilikuwa na jina la kiwanda, orodha ya viambato na tarehe, daktari alizisoma akazikubali, na ndizo ninazotumia hadi leo. Losheni nimekwisha nunua chupa ya pili katika duka la dawa la karibu na nyumbani. Sijawahi kutumia losheni inayonifaa kama hiyo. Kwa hiyo labda niseme kwamba katika vitu saba viwili vilikuwa vya kweli, vinne havikuwa na kazi, na kimoja kilikuwa sumu, na kwamba mwenye kujua kusoma lebo anaweza kuingia pale akachagua akatoka salama.

Hapana, nalifuta hilo. Mimi ni mwalimu, kusoma najua, na bado nilipaka kopo lisilo na lebo kwa sababu aliyenipa alikuwa ameniamkia vizuri. Duka linaloweka mkorogo katika mkoba mmoja na losheni nzuri linaitumia ile nzuri kukuaminisha ile mbaya, na binti aliyelijua hilo ndiye aliyepata ujasiri wa kunicheka mbele za watu. Wifi yangu nimempa jina la losheni na nimemwelekeza duka la dawa. Kariakoo nimemkataza.

Kopo la USIKU bado ninalo, nimelifunga ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati ambako wajukuu hawafiki. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ofisi zao za Ubungo si mbali na kwangu. Nimekuwa nikisitasita kulipeleka kwa kuogopa kuulizwa tena kwa nini mtu wa umri wangu alilinunua. Jumatatu nalipeleka.