Casio fx-991EX: FACT ni nzuri, ila angalia mabano

Kikokotoo hiki kinachambua namba nzima chanya ya hadi tarakimu 10 kuwa vigawo tasa. Ukiwa kwenye hali ya kawaida ya hesabu, andika namba, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe cha digrii na dakika (FACT imeandikwa juu yake). Usiruke =. Jibu likiwa desimali, sehemu au namba hasi, utapata Math ERROR.

Kijaribu kwa 8589869056. Kinatoa 2¹⁶ × 131071, na hapo tabia za namba hiyo zinasomeka zenyewe: idadi ya vigawo vyake ni 17 × 2, yaani 34, na jumla ya vigawo vyote ni 131071 × 131072. Ukizidisha hivyo, kioo kinaonyesha 1.717973811×10¹⁰ na tarakimu ya mwisho inapotea. Gawanya kwa 2 palepale: inarudi 8589869056 kamili. Jumla ni mara mbili ya namba yenyewe, kwa hiyo ni namba kamilifu, ya sita katika orodha.

Kasoro iko kwenye mabano. Kigawo tasa kikifika 1018081 (yaani 1009²) au zaidi, au vigawo viwili vikiwa na tarakimu zaidi ya tatu, kikokotoo kinaacha kipande hicho ndani ya mabano bila kusema ni tasa au la. Weka 4104676: utaona 2² × (1026169). Weka 4294967297: utaona 641 × (6700417). Mabano ni yaleyale, lakini la kwanza ni 1013² na la pili ni namba tasa. Mwanafunzi anayeandika "tasa" kila aonapo mabano atakosa swali la kwanza.

Anza na kipeuo cha pili: √1026169 inatoa 1013, kazi imeisha. √6700417 ni takriban 2588.5, kwa hiyo inabidi ujaribu namba tasa kuanzia 1009 hadi hapo, nazo ni zaidi ya mia mbili. Inachosha! Lakini 4294967297 ni 2³² + 1, namba ambayo mwanahisabati Fermat aliidhania tasa na mwanahisabati Euler akaivunja kuwa vigawo mwaka 1732. Kila kigawo tasa chake kina umbo 128k + 1 (641 ni 128 × 5 + 1). Katika masafa hayo zinabaki 1153 na 1409 tu. Gawanya 6700417 kwa kila moja: 1153 inabakiza 334, na 1409 inabakiza 622. Basi ni tasa.

Kwa namba zisizo na umbo la kusaidia hivyo, au zenye tarakimu 11 na kuendelea, weka programu ya bure ya PARI/GP kwenye kompyuta. Andika isprime(6700417), nayo itajibu 1.