Soketi za kung'olea nati za loki: tatu zilitoka kwa dakika, ya nne kwa jasho

Mwezi uliopita nilinunua seti ya soketi za kung'olea nati za loki, nikaitumia kwenye magurudumu yote manne ya RAV4 yangu. Sasa naweza kuielezea bila hasira. Wiki ile ya kwanza nisingeweza.

Kwa asiyezijua, nati ya loki ni ile moja kwenye kila gurudumu isiyofanana na wenzake. Haina pembe sita za kushikwa na spana. Ni ya mviringo, na usoni imechongwa ua la kupindapinda ambalo linaingiwa na ufunguo wake peke yake. Zimewekwa kumzuia mwizi wa rimu. Magari mengi yaliyotumika Japani yanatufikia nazo, na mara nyingi ufunguo umebaki huko huko. Wa kwangu ulikuja. Ulikuwa kwenye kabati la dashibodi, umeviringishwa kitambaa, nami nikajiona nimebahatika.

Tairi ya nyuma kushoto ikaanza kupungua upepo. Nikaenda kwa fundi pancha mmoja hapa Mtwara mjini, simtaji. Ufunguo nilimkabidhi mwenyewe mkononi, nikamwambia, "Mdogo wangu, huu taratibu, kwa mkono tu." Akaitikia, "Usijali mama." Simu ikaita, nikasogea kivulini kuipokea. Niliposikia mashine ya upepo ya kufungulia nati inalia nikageuka, lakini mambo yalishaisha. Ufunguo umepasuka ubavuni, ua la nati limesagika, na kijana anautazama mkono wake kana kwamba si yeye.

Hakuishia hapo. Alichukua soketi kuukuu namba 19, akaipigilia juu ya nati kwa nyundo, akavuta. Ikazunguka kama mfuniko juu ya chungu. Akapiga tena, akavuta tena, na kila akivuta nati inazidi kulainika. Nilipomsimamisha ilikuwa inang'aa kama shilingi mpya. Akaomba elfu tano ya jasho. Nikampa elfu mbili, nikaondoka na tairi yangu ile ile na msumari wake ndani.

Ushauri ukaanza kumiminika, maana kwetu gari bovu ni la mtaa mzima. Mmoja akasema ipigwe tindo pembeni mpaka izunguke. Mwingine akasema ichomelewe: unachukua nati ya kawaida, unaichomelea juu ya ile mbovu, ikipoa unafungua kwa spana. Hiyo ya kuchomelea siikatai, nimeona ikifanya kazi. Lakini rimu yangu ni ya alumini, na tundu la nati limezama ndani. Cheche zingekula rangi, na moto ule uko jirani na mpira wa tairi na beringi ya gurudumu. Mchomeleaji mwenyewe alitaka elfu ishirini na akakataa kuahidi kwamba stadi, ile skrubu ya gurudumu inayofungwa nati, itapona. Nikaona bora ningoje.

Siku kumi na moja nilikuwa naijaza tairi kila asubuhi kwa kile kipampu cha umeme kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Majirani walianza kuuliza kelele ya nini alfajiri yote hiyo.

Seti niliiagiza Kariakoo kwa shilingi elfu sitini na tano, pamoja na elfu tano ya kuipakia kwenye basi. Ilitoka Dar asubuhi, usiku nikaichukua stendi. Ndani ya sanduku la plastiki kuna soketi tano za ukubwa tofauti, zote za kuingia mkono wa nusu inchi, na kipande cha chuma kama mche mfupi. Bawaba ya sanduku ilikatika siku ile ile. Namba za ukubwa zimechapwa kwa rangi badala ya kuchongwa, kwa hiyo nusu yake hazisomeki tena. Maelezo ni picha nne ndogo, na mche ule hauelezwi kabisa. Hayo ndiyo mabaya ya seti, nimeyasema kwanza.

Uzuri wake unauona ukiitazama soketi kwa ndani. Badala ya pembe sita ina meno yaliyosokotwa, na tundu linasinyaa kadiri unavyokwenda kilindini. Unachagua soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati, unaipigilia kwa nyundo mpaka iume, halafu unazungusha kushoto, upande wa kufungulia. Kwa vile meno yamesokotwa, kila ukizidi kuzungusha yanazidi kuingia ndani ya chuma cha nati. Soketi ya kawaida hupanda na kuteleza. Hii huzama.

Sikutaka kuifanya mwenyewe. Nilikwenda Mikindani kwa mzee mmoja aliyestaafu karakana, ana jiriwa yake chini ya mwembe, na watu wengi huku humpelekea yale yaliyowashinda wengine. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaliinamia gurudumu kimya kwa muda. Neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Mwanangu, hizi nne nyingine nani alizilegeza?"

Kumbe fundi pancha alishafungua nati nne za kawaida kabla ya kuigusa ile ya loki, na aliponirudishia alizishika kwa vidole tu. Nilitembea siku kumi na moja hivyo! Mzee alichukua wili spana akazikaza zote nne barabara. Nikamuuliza kwa nini anakaza wakati tunataka kufungua. Akasema mzigo wote wa kulibana gurudumu ulikuwa umeachiwa nati moja, na ni ile ile tunayotaka kuitoa. Ukizikaza wenzake, yenyewe inapumua. Kwa hiyo nati ya loki hutangulia kutoka, haingoji mwisho. Hili sikuliona kwenye picha zile nne, na kwangu lina thamani kuliko soketi mbili kati ya tano.

Tukaanza na magurudumu matatu yenye nati nzima. Gari liko chini, halijapandishwa jeki, hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi. Mzee alikata ukanda wa plastiki kutoka chupa ya maji, akauviringisha ndani ya tundu la rimu ili soketi isikwaruze rangi. Alipima unene wa nati kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, akajaribu soketi mbili, akachagua ile isiyotaka kuingia. Nyundo tano za nguvu. Halafu mkono mrefu wa soketi, bila mashine ya upepo. Akavuta polepole kwa uzito wa mwili, hakukurupuka. Nati ikatoa mlio mmoja, ta!, nikadhani stadi imekatika. Haikukatika. Ya pili na ya tatu zilikwenda hivyo hivyo. Kwa zote tatu hatukumaliza nusu saa.

Kazi iliyochukua muda ni kuitoa nati ndani ya soketi, maana meno yakishauma hayaachii. Hapo ndipo nilipoelewa kile kichuma kama mche. Unaibana soketi kwenye jiriwa, unakipitisha kichuma kwenye tundu la nyuma, unagonga mpaka nati idondoke. Asiye na jiriwa atahangaika sana. Ningekuwa mimi peke yangu uani kwangu, ningetoa nati moja nikakwama nayo ndani ya soketi.

Ya nne ndiyo ile ya fundi pancha. Nyundo zake zilikuwa zimeipunguza mwili, soketi iliyofaa wenzake ikawa inapwaya. Ndogo yake nayo ilikuwa haiingii. Mzee aliinyunyizia mafuta ya kupenya, tukala mihogo, tukarudi. Akaipigilia ile ndogo kwa nyundo nzito mpaka nikaogopa kwa ajili ya beringi. Jaribio la kwanza ikateleza na kunyoa vijipande vya chuma. La pili ikashika robo mzunguko, ikateleza. Akaongeza bomba kwenye mkono wa soketi, ukafika kama mita moja, akaniambia nikae mbali, kwa sababu mkono ukiachia ghafla unaweza kuvunja taya. La tatu ikatoka. Soketi yenyewe meno yake mawili yamelala, haitauma tena.

Nilipomuuliza kwa nini nati zilikaza kiasi kile, alifanya hesabu kwa chaki kwenye ubao wa benchi lake. Gari kama hili nati zake hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya niutoni mita 103. Mtu akitundika uzito wa kilo thelathini tu kwenye bomba la mita moja, ameshafika karibu 300. Mashine ya upepo isiyopimwa nayo haijui kusimama. Halafu sisi tunaishi pwani, akasema, hewa hii ina chumvi, nati isiyofunguliwa miaka miwili inajishikiza yenyewe.

Msumari ulitolewa, pancha ikazibwa kwa dakika kumi. Dakika kumi!

Nati mpya nimenunua za kawaida, loki sitaki tena. Hapa pia nusura nikosee. Nilizotoka nazo dukani zilikuwa na kitako bapa chenye washa, za rimu zinazokuja na gari kutoka kiwandani. Rimu zangu ni za kununua, matundu yake yana mteremko wa koni. Kitako bapa juu ya koni hakikai, gurudumu litalegea njiani. Tukarudisha, tukachukua za koni, uzi milimita 12 kwa 1.5, za spana namba 21. Kabla ya kuzifunga, mzee alizisugua stadi kwa brashi ya waya na kufuta mafuta yote kwa kitambaa chenye petroli, kwa sababu uzi wenye mafuta hudanganya kipimo na nati hukazwa kupita kiasi. Kila moja iliingia kwa vidole mpaka mwisho kabla spana haijaguswa. Kesho yake nilikwenda Lindi kuchukua mzigo, na nilipofika, kabla hata ya kushuka vizuri, nilizikaza upya kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, niliyoazima kwa mzee. Mbili ziliongeza kidogo.

Seti naipa nyota nne kati ya tano. Inafanya kilichoandikwa juu ya sanduku, na hata kwa nati iliyoharibiwa na nyundo ilishinda. Nyota moja nimeipunguza kwa sanduku, namba zinazofutika na maelezo mabovu. Ila isinunuliwe na mwenye nati za loki zenye pete ya nje inayozunguka bure. Zipo, na soketi hizi zitaizungusha ile pete mpaka jua lizame bila nati kutikisika. Ukiishika nati yako kwa vidole au koleo na ganda lake likazunguka peke yake, hiyo ni ya fundi mwingine na zana nyingine.

Seti sasa iko chini ya mwembe kwa mzee, wanaikodi kwa elfu tatu na chai. Inapungukiwa soketi moja, ile ndogo iliyolala meno. Anayejua duka linaloziuza moja moja bila kulazimishwa seti nzima, Mtwara au Lindi, naomba aniambie.