Mapolo sita ya mboji juu ya jiwe: tathmini ya kitalu cha miche Unguja

Nyumba yangu ipo upande wa Fumba, pahala ambapo jembe likishuka mara mbili, mara ya tatu hugonga jiwe. Wazee wetu waliuita udongo wa namna hii maweni, wakautenga na kichanga, na kinongo chekundu, na kinamo kizito cha mabondeni, na kila mmoja walijua unafaa kupandwa nini. Mimi nimestaafu ualimu wala sikurithi ukulima, kwa hiyo nilichukua miaka miwili kufahamu kwamba mchicha wangu ulidumaa kwa sababu ulikuwa umekaa juu ya shubiri moja ya udongo, na chini yake ni jiwe la matumbawe lisiloshika maji. Mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za vuli, niliamua kununua udongo badala ya kuendelea kuungojea ujitengeneze wenyewe chini ya mwembe.

Kitalu nilichokwenda kipo njia ya Fuoni. Jina lake silitaji, kwa kuwa kasoro kubwa niliyoikuta nimeshaizungumza na mwenyewe uso kwa uso na ameikubali. Lakini wauzaji wa mboji na miche ni wengi hapa Unguja, na anayetaka kununua kwao atafaidika kujua aangalie nini kabla ya kutoa fedha. Nilinunua mapolo 6 ya mboji kwa shilingi 7,000 kila moja, mapolo 2 ya kile wanachokiita udongo mchanganyiko kwa shilingi 9,000 kila moja, miche 30 ya tungule na bilingani, na chupa moja ya dawa ya mwarobaini. Kirikuu iliyonifikishia mzigo nililipia shilingi 20,000, ambazo ni karibu nusu ya bei ya mboji yote, na gharama hiyo ni vyema mtu aihesabu mapema.

Mboji yao ni nzuri, tena nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwenye kitalu, mzee ambaye kila mtu pale humwita Babu, hakunionyesha polo hata moja mpaka kwanza alipokwisha kunipeleka nyuma ya banda kwenye marundo yake manne. Rundo hupangwa kwa tabaka: majani makavu ya mwembe, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, samadi ya ng'ombe, kisha maganda ya mihogo na ya machungwa yanayoletwa kutoka sokoni. Katika rundo la pili palikuwa na nondo iliyochomekwa hadi katikati. Babu aliichomoa akanielekezea ncha yake, akasema, "Shika, Maalim." Niliishika kwa muda wa kusema bismillahi, nikaiachia.

Joto lile ni kazi ya vijidudu vinavyokula taka, na ndilo linaloitofautisha mboji iliyopikwa na taka zilizooza tu. Rundo likivuka nyuzi joto 55 za Selsiasi na kubaki hapo kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa, na vimelea vingi vya maradhi hufa pia. Lakini ili lifike huko linahitaji uwiano wa vitu vikavu na vibichi, ambao wataalamu huueleza kuwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Babu hupima kwa beleshi, matatu ya majani makavu kwa moja la samadi, na hulipindua rundo kila wiki ili hewa iingie. Unyevu huupima kwa mkono: ukikamua tonge moja la mboji na likatoa tone moja au mawili, limekaa sawa, likitiririka, litanuka kama shimo la maji machafu, na likiwa kavu kazi yote husimama. Kila rundo hukaa miezi mitatu kabla ya kutiwa kwenye mapolo.

Sikutosheka na maneno, kwa hiyo nyumbani nilifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya kwa fedha kidogo sana. Nilipanda punje 20 za choroko ndani ya mboji na punje 20 nyingine ndani ya mchanga uliooshwa, nikazimwagilia sawasawa. Mboji isiyoiva hubana uotaji, kwa hiyo choroko hutoa jawabu ndani ya siku tatu au nne. Katika mchanga ziliota 19, katika mboji 18, na miche ya kwenye mboji ilikuwa na rangi nzito zaidi. Kasoro niliyoiona ni ndago tatu zilizochomoza kutoka katika polo moja, jambo ambalo siwezi kumlaumu mtu, kwa sababu ndago, ingawa ni jani tu, ni gugu sugu kuliko mdudu.

Nikiwa bado nipo kwenye marundo nilimwonyesha Babu mabuu meupe, manene kama kidole cha mwisho, yaliyokuwa yakijikunja ndani ya mboji, nikamuuliza iwapo nitakuwa nimejinunulia balaa la minazi yangu miwili. Swali hilo lina msingi, kwani chonga, yule mende mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, hutaga ndani ya samadi kuukuu na magogo ya minazi yaliyooza. Babu aliokota buu moja akaliweka juu ya kipande cha bati. Lilijigeuza, likalala chali, likaanza kwenda kwa mgongo kama mtu anayeogelea. "Huyu ni mla taka, mwache akusaidie," alisema. "Chonga hulala ubavu, kajikunja. Ukimpata huyo, mpe kuku." Tangu siku hiyo kila buu nililolikuta nimelipitisha kwenye bati; yote yamekwenda kwa mgongo isipokuwa moja, na hilo kuku alilishughulikia. Kwa somo hilo peke yake naona shilingi zangu 20,000 za kirikuu zimerudi.

Udongo mchanganyiko, kwa upande mwingine, umeniunguzia miche. Mchanganyiko huu una mboji, mchanga, na vumbi la usumba, yaani la nyuzi za makumbi ya nazi, na mpango wake ni wa busara, kwa sababu vumbi la usumba ni jepesi, hushika maji, na huacha mizizi ipumue. Nilijaza ndoo kuukuu kumi na kupanda mchicha na bamia. Miche iliota vizuri, lakini kufikia siku ya kumi kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, kavu, kana kwamba kuna mtu amezipitishia moto wa kibiriti, na majani ya chini ndiyo yaliyotangulia. Kwanza nililaumu jua, nikahamishia ndoo kivulini. Kisha nikadhani wametia samadi ya kuku mbichi. Halafu nikakishuku kisima changu, maana visima vyetu vya pwani huingiwa na maji ya chumvi. Lakini maji ya kisima hicho hicho yalikuwa yakimwagiliwa matuta niliyoyatia mboji peke yake, na huko mchicha ulikuwa wa kijani hata macho yanafurahi.

Ikabidi nichukue gilasi, nitie sehemu moja ya udongo na mbili za maji ya kunywa, nikoroge, niache utuame, kisha nionje yale maji ya juu. Mke wangu aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa. Maji yalikuwa na chumvi ya kuhisiwa na ulimi bila ya shaka yoyote.

Sababu yake inafahamika kwa yeyote aliyekulia pwani. Makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye mchanga na tope la ufukweni, yakapandiwa na kushukiwa na maji ya bahari kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, ndipo kina mama huyafukua na kuyaponda ili wapate usumba wa kusokota. Vumbi linalobaki chini baada ya kuponda limelowa chumvi ya bahari tangu ndani, na mche unaopandwa humo huwa na maji pembeni ya mizizi yake lakini hauwezi kuyavuta. Makumbi makavu ya shamba, ambayo hayakuwahi kuiona bahari, hayana tatizo la kiasi hicho.

Niliporudi na gilasi yangu, maana nilikwenda nayo, Babu alionja, akanyamaza, kisha akamuuliza kijana wake mzigo ule ulitoka wapi. Ulikuwa umetoka kwa wasokota kamba, kwa sababu makumbi ya shamba yalichelewa. Alitaka kunirudishia fedha, nami nikapokea mapolo ya mboji badala yake, na kwa hilo sina manung'uniko. Manung'uniko yangu ni kwamba nilipopita tena baada ya wiki mbili, mapolo ya mchanganyiko ule ule yalikuwa bado yamepangwa mbele ya banda kwa bei ile ile, na hapakuwa na aliyemwambia mnunuzi kwamba ayaoshe kwanza.

Ushauri wanaoutoa nao ni wa aina mbili, kutegemea ni nani umemkuta. Babu huuliza: unakaa wapi, udongo wako una rangi gani, maji yako ni ya kisima au ya mfereji. Kijana wake ana jibu moja kwa kila mteja, na jibu hilo ni jivu. Nikiwa nangojea gari, mama mmoja kutoka Jambiani alieleza kwamba mndimu wake umekuwa na majani ya manjano huku mishipa ya majani ikibaki kijani. "Tia jivu, mama, utanishukuru," aliambiwa. Kwa mkulima wa bonde la Pemba, ambako mvua nyingi huosha udongo hadi ukawa na uchachu, jivu linaweza kuwa jawabu zuri. Lakini Jambiani ni jiwe la matumbawe, nalo ni chokaa. Udongo wake tayari umepita kiasi upande wa chokaa, na manjano ya namna ile kwa kawaida ni dalili kwamba mti umekosa madini ya chuma, ambayo huwepo udongoni lakini chokaa huyafunga yasiingie mizizini. Jivu huongeza kifungo hicho. Nilimfuata yule mama nje, nikamsihi jivu aliache jikoni, atie mboji kwa wingi kuzunguka shina bila ya kuligusa, na afunike juu kwa majani makavu. Sijui kama alinisikiliza mimi au alimsikiliza kijana aliyevaa fulana ya kitalu.

Kuhusu miche sina mengi. Ya bilingani ilikuwa imara, yote imeshika. Ya tungule niliomba ruhusa ya kuichomoa mmoja mmoja kwenye kiriba, na Babu hakukasirika, nami nawasihi wanunuzi wote wafanye hivyo: miche miwili kati ya 15 ilikuwa na vinundu kwenye mizizi, ambayo ni kazi ya minyoo fundo, na mche wa namna hiyo ukishaingia uani unakuachia wageni ambao hawatoki. Alinibadilishia. Nilipendekeza kwamba udongo wa viriba uloweshwe na kufunikwa kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita wakati wa jua kali la kaskazi, ili uchemke kabla ya kutumiwa, naye akasema kwamba nailoni anayo ila nafasi ya kuutandaza ndiyo hana.

Dawa ya mwarobaini siishauri hata kidogo. Huuzwa katika chupa za maji zinazopitisha mwanga, zimepangwa juu ya meza, juani, tangu asubuhi. Kiini cha mwarobaini kinachowazuia wadudu kula na kukua huharibika kwa mwanga wa jua, na chupa yangu ilinyunyizwa kwenye inzi weupe wa bilingani bila ya kuwashughulisha. Miti ya mwarobaini imejaa kila mtaa hapa Unguja. Mtu aokote mbegu, azikaushe kivulini, atwange kiini chake gramu 50 kwa kila lita ya maji, aloweke usiku kucha, achuje, atie sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, kisha anyunyize jioni ya siku hiyo hiyo. Nimefanya hivyo mara tatu, kila baada ya siku saba, na inzi weupe wamepungua sana chini ya majani, ambako ndiko wanakojificha.

Mwezi uliopita niliagiza mapolo mengine manane ya mboji, na nilimwomba Babu ayajaze siku ambayo mvua haijanyesha, kwa kuwa polo lililolowa hubeba maji mengi na mboji ile ile, na wapagazi hulalamika kwa haki. Mchanganyiko wenye chumvi sikuutupa. Niliumwaga katika ndoo zilizotobolewa chini na kuzipanga chini ya mchirizi wa bati, na mvua za vuli zimekuwa zikiziosha tangu zilipoanza. Juzi nimeonja tena maji ya gilasi, mke wangu akiwa ameketi pembeni na safari hii akaonja na yeye. Hayana chumvi. Bamia nimezipanda jana.