Adapta ya shaba ya kuunganisha koili ya kupozea bia na bomba la jikoni: uzoefu wangu baada ya mapishi manane

Kwa muda mrefu nilipoza bia yangu kwa kuitia sufuria nzima ndani ya karai la barafu. Lita 20 za maji ya kimea yaliyotoka kuchemka zilichukua zaidi ya saa moja na nusu kufika mahali pa kutia hamira, na muda wote huo nilikuwa na hofu, kwa sababu yakishapoa kiasi ndipo bakteria huyapenda. Hatimaye nikanunua koili ya shaba, ile inayozamishwa ndani ya sufuria huku maji baridi yakipita katikati yake. Koili yenyewe sina neno nayo. Shida ilikuwa bomba. Mpira wa koili umetengenezwa kwa koki ya nje ya bustani, na mimi napikia ndani.

Kwanza nilijaribu kile kiunganishi cha mpira kinachovalishwa kwenye mdomo wa bomba na kukazwa kwa bano. Usikinunue. Kilishika dakika chache, kisha msukumo wa maji ukakichomoa na jiko zima likalowa, sufuria ikiwa wazi pembeni. Hakuna tone lililoingia kwenye bia, lakini siku ile niliamua kutafuta kitu cha kufunga kwa nyuzi za kuzungusha, kama za skrubu.

Adapta ninayoisifu hapa ni kipande kidogo cha shaba njano. Unafungua kile kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa bomba (changu kilikuwa kimeganda kwa chokaa, nikakizungushia kitambaa ndipo nikatumia plaisi nisikikwaruze), kisha unafunga adapta mahali pake. Kabla ya kununua, pima. Mabomba mengi ya mtindo wa Ulaya yana nyuzi za ndani za milimita 24 au za nje za milimita 22; ya Marekani yana vipimo vyake vinavyokaribia hivyo bila kulingana navyo. Upande wa mpira nao una mtego wake: viungo viwili vyote huandikwa robo tatu ya inchi, lakini cha mipira ya bustani ya Marekani kina nyuzi 11.5 kwa inchi na kile cha kiwango cha Uingereza kina 14. Ukivilazimisha, mzunguko wa kwanza unashika vizuri, wa pili unakwama. Mimi nilirudisha kimoja dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Ilipovuja mara ya kwanza nilizungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, raundi baada ya raundi, na bado ikadondosha. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwenye kiungo cha namna hii kinachozuia maji ni wosha (kile kipete laini) iliyo ndani, tepu haisaidii kitu. Nikaweka wosha mpya, nikakaza kwa mkono tu, ikanyamaza.

Sasa kazi inakwenda hivi: koili naitia sufuriani dakika 15 kabla ya kuzima moto ili ichemke na kutakasika, ikiwa imeshaunganishwa. Moto ukizimwa nafungua bomba polepole. Mtiririko naupunguza kwenye bomba lenyewe, kamwe sibani mpira upande wa kutokea, maana hapo msukumo wote unabaki ndani ya viungo. Navyo viungo vyote nimevipanga nje ya ukingo wa sufuria, ili kikidondosha kimoja kidondoshe mezani.

Maji yanayotoka dakika za mwanzo yanaunguza. Mpira wangu wa kwanza, wa plastiki angavu, ulilegea kama tambi na kuteleza kutoka kwenye koili, kwa hiyo upande wa kutokea nimeweka wa silikoni. Mwisho wake naufunga juu ya ukingo wa ndoo, nisiuzamishe, maji ya ndoo yasije yakavutwa kurudi bombani. Ndoo ya kwanza ndiyo ninayooshea vyombo vyote vya siku hiyo.

Kwa maji ya bomba yenye nyuzijoto 18 na kukoroga taratibu kwa mwiko uliotakaswa, nafika nyuzijoto 24 kwa dakika 25 hivi, nikitumia ndoo nne za lita 20. Bila kukoroga ilinichukua karibu dakika 40, maana maji ya kimea yaliyogusana na koili hupoa huku ya pembeni yakibaki moto.

Mwenye bomba la kuvuta lenye kichwa cha manyunyu asiihangaikie adapta hii: mabomba mengi ya aina hiyo hayana mahali pa kuifunga.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya wosha iliyokuja nayo, nyembamba mno, ambayo nililazimika kuibadilisha kabla hata ya pishi la pili.