Masika au vuli: uani kwetu Fuoni

Masika, Machi hadi Mei, mvua hushuka kwa pupa. Mchicha huoza shina kabla sijauchuma, na mbuzi, asiyependa hata tone moja mgongoni, hulia bandani kutwa akidai majani. Kumkatia majani mvuani ni kazi yangu, sijui kwa nini. Ila kisima hujaa, na vyura huimba usiku kucha.

Vuli, Oktoba hadi Disemba, mvua hupiga kidogo, jua likatoka. Kuku hupekua udongo laini akitafuta minyoo, vifaranga nyuma yake. Mbuzi namfunga chini ya mwembe, anatafuna embe changa zilizoangushwa na upepo. Bamia nazo hazidai ndoo za maji kila jioni. Mimi ni wa vuli, ingawa jirani yangu mkulima wa mpunga hataki kusikia.